Mrejesho: Pull request iliyoonyesha faili zima limebadilika

Wakuu, niliuliza kwa nini pull request (ombi la kuunganisha mabadiliko ya msimbo) ya plagini ya WordPress inaonyesha mistari yote 412 imebadilika ilhali nimegusa miwili tu. Imetatuka. Kihariri cha Windows kilihifadhi miisho ya mistari kwa CRLF (herufi fiche mbili), wakati repo (hifadhi ya msimbo ya Git) inatumia LF (moja tu), kwa hiyo Git iliona kila mstari ni mpya.

Andika `*.php text eol=lf` ndani ya .git/info/attributes, hapo haingii kwenye pull request, tofauti na faili la .gitattributes. Kisha rekebisha faili, sasisha commit yako ya mwisho na uisukume upya:

`git add --renormalize includes/fomu.php`
`git commit --amend --no-edit`
`git push --force-with-lease`

Taja faili lenyewe kwenye `git add`. Ukiweka nukta (yaani folda nzima), Git inasafisha hata mafaili yasiyokuhusu, na mhakiki atakurudisha ulikotoka. Na `--force` tupu achana nayo, inaweza kufuta kazi ya mwenzako kimyakimya.

Sasa `git diff --stat main...HEAD` (kulinganisha na tawi kuu) inatoa mistari 2 iliyoongezwa, 2 iliyofutwa.