Mrejesho: Uvimbe wa shingoni wa kaka yangu anayeishi na VVU

Ndugu zangu, niliuliza hapa kwa nini uvimbe wa kaka yangu ulizidi kukua ingawa alikuwa amemeza dawa za kifua kikuu kwa wiki sita. Nawashukuru kwa dhati mliosisitiza akatwe kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe badala ya kufyonzwa kwa sindano tu, kwani ndicho kilichoonyesha limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za limfu ambayo huweza kukua maradufu ndani ya siku chache. Hakuacha ARV, kabla ya kemotherapi alipewa dripu za maji na dawa ya alopurinoli ili kulinda figo. Baada ya mizunguko minne kola ya shati inafungika tena, ila namfungia mimi, maana vinkristini, moja ya dawa za kemotherapi, imemwachia ganzi ya vidole. Uvimbe wake mwingine, wa tumboni, umepungua, haujaisha, matibabu yanaendelea.