Vocha imebaki siku 19 na RFTA imerudishwa

Mama wa Watatu:
Habari zenu wapendwa. Vocha yangu ya Section 8, ule msaada wa serikali ya Marekani wa kulipia kodi ya nyumba, ni ya siku 60 za kutafuta nyumba, zimebaki 19. Nilipata apatimenti ya vyumba viwili, mwenye nyumba akakubali, nikapeleka RFTA, ile fomu ya kuomba ofisi ya vocha iikubali nyumba. Ikakaa ofisini siku 11. Jana imerudi, sehemu ya mwenye nyumba haina saini, nianze upya. Je, zile siku 11 zinahesabiwa? Afisa wa faili langu hapokei simu. Nimeshafunga vitu, watoto wanachomoa nguo za shule kwenye mifuko ya taka.

Dada wa Tukwila:
Pole sana mama. Mimi 2022 niliambiwa siku ni siku, hazisimami. Halafu kodi ikazidi kiwango chao, wakapiga hesabu, sehemu yangu ikapita asilimia 40 ya mapato, nikaikosa ile nyumba. Na kabla ya hapo mwingine alinijibu mlangoni kuwa hachukui watu wa vocha.

Dereva wa Tacoma:
Dada, usimtie mwenzio hofu. Kanuni ya HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, inasema muda wa vocha unasimama tangu siku unayowasilisha RFTA hadi wakujibu kwa maandishi. Na hiyo asilimia 40 ni ya mapato baada ya makato, tena pale unapoanza mkataba tu.

Dada wa Tukwila:
Nimesema nilichoambiwa dirishani. Sikusema ndiyo kanuni. Soma vizuri kaka.

Mzee wa Rainier:
Wanangu, msigombane. Huyo wa mlangoni alivunja sheria kama ilikuwa 2022. Jimbo hili la Washington lilipiga marufuku kumkataa mpangaji kwa sababu ya vocha tangu 2018. Lakini sheria haikuongeza nyumba. Treni ilipofika mtaani kwetu Rainier Valley, hapa Seattle, 2009 tulishangilia. Kisha barua za kupandishiwa kodi zikaanza kupita chini ya mlango. Jengo letu tulikuwa familia tisa tunaozungumza Kiswahili, leo imebaki moja. Zamani Ijumaa tulikwenda msikitini kwa miguu, tukipitiana mlango kwa mlango. Sasa wenzangu wanatoka Kent na Federal Way kwa gari, swala ikiisha kila mtu anakimbilia barabara kuu kabla ya foleni. Hatujuliani hali.

Mama wa Watatu:
Shikamoo mzee. Ahsante kaka. Ila fomu isiyo na saini, wao wanaihesabu kuwa imewasilishwa?

Dereva wa Tacoma:
Angalau tangu Mei 2025 hapa jimboni kuna kikomo cha kupandisha kodi ya nyumba kwa mwaka: asilimia 7 kuongeza mfumuko wa bei, au asilimia 10, iliyo ndogo ndiyo inayotumika.

Dada wa Tukwila:
Majengo ya chini ya miaka 12 hayamo. Na mapya ndiyo yanayojengwa kila kona.

Kijana wa Kent:
Nyumbani Kenya mambo ni yale yale. Mamangu ni mwalimu, anakatwa ushuru wa nyumba kila mwezi na nyumba hajaiona. Mahakama si iliufuta?

Dereva wa Tacoma:
Mahakama Kuu iliubatilisha Novemba 2023. Bunge likatunga sheria mpya, ikatiwa saini Machi 2024. Anakatwa asilimia 1.5, na mwajiri anatoa kiasi hicho hicho.

Kijana wa Kent:
Basi amechangia nyumba ya nani? Anastaafu karibuni, bado yuko kwenye chumba cha kupanga.

Mzee wa Rainier:
Mwambie mama salamu zangu. Mimi nina kiwanja nyumbani tangu ujana. Nilipanda miembe mitatu, nasikia imezaa. Nyumba sikuwahi kuijenga, pesa zote zimeishia kwenye kodi za huku.

Mama wa Watatu:
Zimebaki 17. Mwenye nyumba ameshasaini, lakini anasema hatasubiri zaidi ya wiki moja.

Dereva wa Tacoma:
Natoka zamu saa kumi na mbili asubuhi. Nitakupitia kesho twende wote ofisini. Beba ile fomu ya kwanza na bahasha iliyorudi nayo, usiitupe, ina tarehe.