SFX, SFX-L au Flex: pawa saplai ipi kwa kasha dogo?

Mkaazi wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Ninaunda kompyuta ndogo ya kuhariri video kwa madabodi ya Mini-ITX, prosesa ya Ryzen 5 7600 na kadi ya grafiki ya RTX 4060, na sasa imebaki pawa saplai tu, yaani kifaa cha kuilisha umeme; SFX, SFX-L na Flex ATX ni majina ya vipimo vyake. Katika kasha, kutoka bati la nyuma hadi kadi inapoanzia, nimepima milimita 130. Muuzaji mmoja wa Kariakoo ananisisitiza nichukue SFX-L ya wati 750, na jirani yake ana Flex ATX ya wati 500 kwa bei nafuu zaidi. Naomba ushauri, mkizingatia kwamba mtaani kwetu umeme hushuka jioni hadi feni ya dari huzunguka kama imechoka.

Fundi wa Sinza
Mkuu, wati zisikusumbue. Prosesa hiyo, kwa mpangilio wake wa kiwandani, huishia wati 88, kadi ni 115, na ukijumlisha madabodi, RAM, SSD na feni utafika kama 250. NVIDIA wanapendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa kadi hiyo, nayo inakutosha kabisa. Tatizo lako ni urefu. SFX-L ina milimita 130, kwa hiyo itaijaza nafasi yote na nyaya zitakosa pa kupindia, wakati SFX ya kawaida ina 100 na hukuachia 30. Flex huwadanganya wengi kwa wembamba wake, kumbe urefu wake ni 150, na hata ingeingia, kafeni kake ka milimita 40 kangekulilia sikioni kama mbu msimu mzima wa joto. Tafuta SFX ya wati 550 au 600, na kabla ya kulipa soma kibandiko chake: iliyoandikwa 100–240V huvumilia umeme ukishuka kuliko iliyoandikwa 200–240V.

Mzee wa Mbagala
Nakubaliana na fundi, ila naongeza jambo lililonigharimu. Nilipungukiwa waya mmoja wa diski, nikachomoa wa pawa saplai ya kampuni nyingine iliyokuwa kabatini. Plagi iliingia vizuri kabisa, nikawasha, na diski yenye picha za harusi ya mdogo wangu ikatoa moshi. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba upande unaoingia kwenye pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini zake anavyotaka. Ukinunua ya mtumba, hakikisha inakuja na nyaya zake yenyewe.

Mkaazi wa Tabata
Nashukuru sana, wazee wangu. Ninayo UPS (ile betri ya akiba umeme ukikatika) ya 650 VA. Je, itaimudu mashine hii pamoja na skrini?

Fundi wa Sinza
VA si wati, mkuu. UPS nyingi za ukubwa huo hutoa kati ya wati 360 na 390, kwa hiyo mzigo itaubeba, lakini kwa dakika chache tu za kuhifadhi kazi na kuzima. Geuza UPS yako usome wati zilizoandikwa nyuma, kisha uiwashe kompyuta ikiwa inachakata video na uchomoe UPS ukutani kwa makusudi, siku ambayo huna kazi ya mteja mkononi.