Goti halinyooki wiki ya 6 baada ya upasuaji wa ligamenti: mazoezi gani yanafaa nyumbani?

Mkazi wa Mpwapwa:
Habari za leo, ndugu zangu. Wiki 6 zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa ligamenti ya mbele (utepe imara unaoshikanisha mifupa) ya goti la kulia, na kano ya kupandikiza ilichukuliwa nyuma ya paja langu mwenyewe. Magongo nimeyaacha, lakini nikilala chali kiganja bado kinapita chini ya goti, na paja limenywea hadi suruali inapwaya upande mmoja. Nauli ya kwenda Dodoma mjini kila wiki kwa ajili ya mazoezi tiba imenishinda. Je, nifanye nini nyumbani, na kukimbia kwenye mchanga wa korongo, kama wanavyonishauri wachezaji wenzangu, kunafaa?

Mtaalamu wa mazoezi tiba, Dodoma:
Pole sana, ndugu. Anza na hilo la kiganja, kwa sababu goti lisiponyooka mapema kama mwenzake, kovu hujijenga ndani na misuli ya mbele ya paja hugoma kufanya kazi. Viringisha kanga, iweke chini ya kisigino, uache goti lining'inie na kushuka lenyewe kwa dakika 10, mara kadhaa kwa siku. Kisha kaza paja, hesabu hadi 5, uachie. Kesho yake goti likiamka limevimba, ujue umezidisha. Mchanga uache kabisa, kwani kano iliyopandikizwa huwa dhaifu zaidi takriban kati ya wiki ya 6 na ya 12, wakati ambao mgonjwa mwenyewe anajiona amepona. Mpira usubiri angalau miezi 9, nguvu za mguu huo zikiwa zimepimwa na kufikia walau asilimia 90 ya ule mzima. Je, shavu la mguu linauma au limevimba? Kama ndivyo, nenda hospitali leo hii, maana huenda damu imeganda.

Mwalimu, Kondoa:
Mimi nilikosa baiskeli ya mazoezi, nikatumia Phoenix ya baba mkwe iliyosimamishwa kwenye stendi, gurudumu la nyuma likizunguka hewani huku kijana akishika usukani. Nilianza baada ya mtaalamu wangu kuridhika kwamba goti linakunjika vya kutosha, na tandiko nililipandisha juu. Kilichonitesa zaidi ni choo cha kuchuchumaa, hadi fundi aliponitobolea kiti cha mbao.

Mkazi wa Mpwapwa:
Ahsanteni sana. Shavu la mguu haliumi. Leo ni siku ya 9 ya kanga: dakika ya 4 bado natokwa na jasho, ila kiganja hakipiti tena, vinapita vidole viwili tu. Kiti nimeshakiagiza.