Tupeane uzoefu: vitu vya kuchezea vya asili vilivyodumu nyumbani kwako

Mwangaluka wadau. Niko Buhongwa, Mwanza, baba wa watoto wawili. Magari ya plastiki ya dukani yamenichosha: tairi likichomoka ndiyo basi, hakuna pa kulirudishia. Nataka tukusanye hapa vitu vya kuchezea vya kutengeneza wenyewe au kwa mafundi wetu. Sema kimetengenezwa kwa nini, kimedumuje, na kikiharibika mnakirekebishaje. Hilo la mwisho ndilo naliona kubwa kuliko yote.

Naanza na gari la waya. Bodi ni waya mgumu wa uzio wa zamani. Viungo usivifunge kwa waya mwembamba peke yake. Zungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, maana mpira unanyumbuka gari likigonga jiwe, na Mwanza mawe hayaishi. Tairi nakata kwenye ndala kuukuu zenye soli ngumu, zile laini za sponji zinalika upesi. Ekseli ni spoku. Usukani uwe na mti mrefu ili mtoto aendeshe akiwa amesimama. Ncha zote zikunjwe kwa koleo ziangalie ndani. Mwanangu mkubwa sasa anabadilisha tairi mwenyewe, na nikimwona amekaa chini anafunga tyubu kwa meno na vidole najisikia vizuri sana.

Mdau, Kisesa
Sisi tuliochunga tulikuwa na ng'ombe wa udongo. Zizi zima: madume yenye nundu na pembe ndefu, mitamba, ndama. Udongo mweusi wa mbugani usiuchukue, unapasuka ukikauka. Chukua wa kichuguu, uponde, utoe mawe, uchanganye na mchanga laini kidogo, uukande mpaka usishike mkononi. Pembe zipachike ng'ombe akiwa bado mbichi, na pale zinapoingia paka maji. Anika kivulini, jua la moja kwa moja linakausha nje kabla ya ndani. Mama alikuwa akituchomea kwa mavi makavu ya ng'ombe, wakitoka humo wanalia ngo! ukiwagonga. Wanangu nimewafundisha, na ndipo walipojua kwamba ng'ombe ana rangi na majina, si nyama ya buchani tu. Ukipita Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, nenda na watoto.

Mama wawili, Ukerewe
Huku kwetu ni mitumbwi. Mafunjo makavu, unayafunga mafungu kwa katani, mbele unayakunja juu kidogo. Yanaelea vizuri sana. Yakianza kunywa maji unaanika, mkiyachoka mnafunga mengine, mafunjo hayanunuliwi. Lakini wazazi wenzangu nawaomba: watoto wachezee kwenye beseni au karai nyumbani. Ufukweni kwenye majani na maji yaliyotulia kuna kichocho, vijidudu vinatoka kwa konokono na kupenya ngozi bila mtoto kuhisi. Mamba nao wapo. Beseni linatosha kabisa, wangu wameweka na visiwa vya mawe humo ndani na wanavusha abiria.

Mdau, Kirumba
Mpira. Zamani tulijaza mifuko ya nailoni, tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019 watoto wa mtaani kwetu wamehamia matambara. Ombeni mabaki kwa fundi cherehani. Kati weka kipande cha sponji ili udunde, zungusha matambara kwa kukaza, juu vesha kipande cha soksi kisha suka kamba. Huku Mwaloni, kwenye soko la samaki, kamba nene za nyavu zilizochakaa zinapatikana. Ule uzi mwembamba unaong'aa usiutumie, unakata vidole. Ukilowa unakuwa mzito, hivyo mvua ikinyesha uingizeni ndani.

Mdau, Mabatini
Mdako jamani! Kishimo kidogo na kokoto. Unarusha moja juu, unakokota zingine, unadaka. Wanangu wa kike wamejifunzia kuhesabu hapo.

Mdau, Nyakato
Mimi ni seremala. Anayeweza kugharamia kidogo, aagize ubao wa isolo, bao letu la Kisukuma. Mbao ngumu iliyokauka vizuri, mashimo yapigwe msasa hadi yawe laini, kisha mafuta ya kula kidogo badala ya vanishi, maana watoto wanalamba. Wa babu yangu tunauchezea mpaka leo, wazee na watoto pamoja. Kete ni mbegu au kokoto.

Mdau, Igoma
Shukrani wakuu. Mimi wangu ndiyo kwanza anatambaa, kila kitu mdomoni. Hayo ya kokoto na waya bado. Naanzia wapi?

Mama wawili, Ukerewe
Mdogo wangu, anzia na mwanasesere wa kitenge. Jaza vipande vya nguo, shona mara mbili pembeni, macho yadarizi kwa uzi, usiweke vifungo. Akichafuka unamfua. Kibuyu kidogo chenye mbegu anakipenda sana kwa mlio, ila mchezeshe wewe ukikishika mwenyewe, na ukague ufa kila mara kabla ya kukitoa. Mbegu ikichomoka ataimeza. Gunzi la mahindi lisubiri hadi meno yake yaache kuwasha.