Mota za stepa zinaruka hatua, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nimejiundia mashine ya kuchonga mbao, fremu nimechomelea mwenyewe kwa mabomba ya mraba. Kompyuta inatuma amri kwa waya wa USB hadi Arduino Uno (bodi ndogo ya kielektroniki) yenye GRBL (programu inayogeuza amri kuwa mwendo wa mota), kisha draiva 3 za TB6600 (vifaa vinavyoipa mota umeme) zinaendesha mota za stepa, yaani zinazozunguka hatua kwa hatua, za saizi ya NEMA 23. Pawa saplai ni ya volti 24.

Mota ina hatua 200 kwa mzunguko, draiva nimeiweka 1/8 (kila hatua inagawanywa mara 8), skrubu inasogeza mm 8 kwa mzunguko, kwa hiyo kwenye GRBL nimeandika hatua 200 kwa mm. Kwa mwendo wa mm 500 kwa dakika nikipima na kalipa, mm 100 ni mm 100 kweli. Nikipandisha hadi 1500, mota inalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa, inasimama, huku kompyuta ikiendelea kuhesabu kana kwamba imesogea. Jana imeniharibia ubao wa mninga, na bei ya mninga mnaijua.

Nimepunguza akselereshini (jinsi mota inavyoongeza mwendo haraka), afadhali kidogo tu. Nipandishe volti hadi 36? Au ni kwa sababu waya za mota nimezifunga pamoja na za spindo (mota inayozungusha kisu cha kuchongea)?