MGB: rilizi ya kaboni, ya gololi, au silinda ya ndani?

Kanyenye B (Tabora)

Wakuu, habari za jioni. Nina MGB ya 1971, gari dogo la michezo la Kiingereza, injini 1798 cc, giaboksi lake la kiwandani. Tatizo lilianza na rivasi kukwaruza, baadaye kila nikikanyaga klachi nasikia chuma kikisaga chuma. Tumetoa injini na jibu likaonekana: kaboni ya rilizi (kile kinachosukuma presha pleti ili klachi ikate) imekwisha kabisa, kikombe chake cha chuma kimeanza kula presha pleti.

Presha pleti na sahani ya klachi nanunua mpya, hilo halina mjadala. Mjadala ni rilizi. Naweza kurudisha ya kaboni kama gari lilivyotoka kiwandani Abingdon. Naweza kuweka ya gololi kwenye foku ileile, yaani mkono unaosukuma rilizi. Au nitoe foku na masta ya chini (silinda ya oili inayosukuma foku), nifunge silinda ya duara inayozunguka shafti ya giaboksi, ndani ya nyumba ya klachi. Fundi wangu anaipenda hiyo ya mwisho. Spea zote ni za kuagiza Uingereza, na wenye gari hili mnajua klachi haifikiki bila kutoa injini. Nataka kusikia kwa waliozitumia, hasa walio mbali na Dar kama mimi.

Fundi wa Gungu (Kigoma)

Pole na kazi, kaka. Nianze na kaboni kwa sababu inasemwa vibaya bila kueleweka. Haina gololi wala grisi. Ni pete ya grafiti inayosuguana na bamba laini katikati ya presha, basi. Inaisha kwa sekunde ulizokanyaga pedeli, si kwa kilomita ulizotembea. Dereva anayesimama huku gia imeingia na mguu umekandamiza anaimaliza mapema sana. Anayeweka nyutro na kuachia pedeli anakaa nayo miaka. Hapa Kigoma, ukipanda kutoka stesheni kwenda Mwanga nyuma ya lori lililojaa, mguu haupumziki. Tabora kwenu ni tambarare na foleni hakuna. Kaboni inafaa mazingira yenu kuliko yangu.

Ya gololi kwenye foku ya zamani siipendi, na sababu iko wazi ukiishika foku mkononi. Inazungukia bolti moja pembeni, kwa hiyo ncha yake inachora tao, haisogei kwa mstari ulionyooka. Kaboni inavumilia, maana uso wake ni bapa na ukiteleza kidogo pembeni hakuna kinachoharibika. Gololi inataka kukaa katikati hasa. Angalia Datsun 240Z, ile iliyochukua Safari Rally 1971 na 1973: rilizi yake ni ya gololi, lakini inateleza juu ya bomba la kuiongoza lililozunguka shafti. MGB halina bomba hilo. Tena masta ya chini ya MGB haina springi ya kurudisha foku nyuma, kwa hiyo rilizi inagusa presha kidogo muda wote. Gololi itazunguka tangu unawasha gari mpaka unazima.

Mjiji Upanga (Dar)

Naheshimu maneno ya fundi, ila mimi natumia silinda ya ndani na sitarudi nyuma. Inasukuma rilizi moja kwa moja. Hakuna foku, hakuna bushi, hakuna tao. Magari mengi ya kisasa yanatoka kiwandani hivyo, na kwa foleni za hapa kaboni isingenifaa hata kidogo.

Ukiichagua, pima kwanza nafasi kati ya rilizi na presha kabla ya kufunga. Ikikaa mbali mno, pistoni inaweza kutoka kwenye silinda. Ikibanwa mno, haina pa kurudi na klachi itaanza kuteleza. Na mpira wa kutolea upepo uuleta nje kupitia tundu la foku, usiuache ndani.

Fundi wa Gungu (Kigoma)

Kwa Dar sikupingi. Swali langu kwa Kanyenye ni moja: ikivuja? Raba ya silinda ya ndani ikichoka, oili ya breki inamwagikia sahani na injini inatoka tena. Masta ya chini ya nje ikivuja unalala chini ya gari, unafungua bolti mbili, unabadilisha raba chini ya mwembe na jioni unatembea. Mtu anayesubiri spea kwa basi au kwa treni aweke kitu ambacho kikiharibika anakifikia kwa spana.

Mwalimu Cheyo (Tabora)

Mimi nafundisha fizikia, na mume wangu ana MGB GT, kwa hiyo haya mambo yapo nyumbani. Naomba tusiruke hesabu. Masta ya juu, ile ya kwenye pedeli, ni kipenyo cha inchi 3/4, ya chini inchi 1¼. Eneo la ya chini ni mara 2.78 ya lile la juu, kwa hiyo fimbo ya juu ikisogea milimita 10, ya chini inasogea 3.6 tu. Mwendo ni mdogo tangu mwanzo, na kila mahali palipolika panaupunguza.

Nenda kwenye pini inayounganisha pedeli na fimbo ya masta. Pini na tundu vikiwa vimelika milimita 3 kwa pamoja, umeshapoteza zaidi ya milimita 1 chini. Ongeza bushi ya foku iliyolegea. Matokeo yake klachi haikati vizuri na rivasi inakwaruza, hata rilizi ikiwa mpya. Kaka, huenda dalili yako ya kwanza na ile ya pili zina vyanzo viwili tofauti. Injini ikiwa nje huwezi kupima mwendo wa chini, lakini pini ya pedeli iko palepale. Itoe uiangalie.

Na kwa silinda ya ndani, usinunue kabla muuzaji hajakwambia eneo la pistoni yake. Masta ya juu ina milimita za mraba 285. Zidisha kwa mwendo wa fimbo, gawa kwa eneo la silinda mpya, utapata rilizi itasogea kiasi gani. Ikizidi mwendo unaoruhusiwa na presha pleti, unaiharibu presha mpya kwa mguu wako mwenyewe.

Bandari Kibirizi (Kigoma)

Kwa nini asifunge waya kama Volkswagen? Hakuna oili wala raba.

Fundi wa Gungu (Kigoma)

Utatengeneza mshikio wa waya kwenye bodi na kwenye giaboksi, halafu uupitishe karibu na egzosi. Kazi nyingi kwa kuondoa mfumo ambao haujakosa kitu.

Kanyenye B (Tabora)

Mwalimu, ahsante sana. Nimetoa pini leo asubuhi, ina kiuno kabisa, na tundu la pedeli limerefuka. Bushi ya foku nayo inacheza ukiitikisa kwa vidole viwili. Fundi wangu ameona kwa macho yake na tumekubaliana: kaboni, masta ya chini ibaki nje, mpira wake uwe mpya. Tundu la pedeli litajazwa kwa kulehemu na kutobolewa upya, na bushi ya shaba tutachongesha kwa mtu wa lezi hapa mjini.

Fundi wa Gungu (Kigoma)

Vizuri. Raba ya vumbi inayoziba tundu la foku usiiache nje hata kama imepasuka kidogo, agiza mpya. Vumbi la kiangazi likiingia humo linakula kaboni kama msasa. Tumia oili ya breki ya DOT 4 kutoka kopo ambalo halijafunguliwa, maana lililokaa wazi limeshanyonya unyevu. Usichanganye na DOT 5 ya silikoni, na oili ya injini isikaribie raba hizo kabisa. Kabla injini hairudi, nitumie picha ya rilizi ikiwa kwenye foku, klipu zote mbili zinazoishika zionekane.